Mabomu Sita ya Ubaoni



Shule zinapofungwa, nyumba zetu hujaa watoto, na aghalabu simu ndiyo huwa mlezi wao kuanzia asubuhi hadi usiku. Sisi nyumbani kwetu tumechagua kuwatandikia jamvi barazani na kuwapa ubao wa mchezo. Miongoni mwa michezo wanayoipenda ni mmoja wa vita uitwao Stratego, ambao asili yake ni mchezo wa Kifaransa aliouombea hataza mwanamke aitwaye Hermance Edan mwishoni mwa mwaka 1908. Hauna dadu wala kamari, na adhana inaposikika huachwa palepale ulipofika.

Ubao wake una miraba 100. Kila mchezaji ana kete 40, anazozipanga katika safu nne za upande wake, nyuso zake zikimwelekea yeye peke yake, hata mpinzani asijue ipi ni jemadari na ipi ni sajini. Kete saba kati ya hizo hazisogei kabisa: bendera moja, ambayo ikitekwa vita vimekwisha, na mabomu sita. Kete yoyote itakayolivamia bomu huondolewa ubaoni, isipokuwa mtegua mabomu, na kila upande una wategua watano. Katikati mna maziwa mawili yasiyopitika, kwa hivyo njia za kupitia ni tatu tu, kila moja ikiwa na upana wa miraba miwili.

Mchezaji mgeni akishayapata mabomu yake sita, hudhani amepata ukuta. Mpwa wetu mwenye umri wa miaka kumi alipiga hesabu nzuri: njia ni tatu, kila moja ni miraba miwili, jumla yake sita, na mabomu nayo ni sita. Akayapanga yote safu ya mbele, moja kwa kila mraba ulio wazi, akakaa kitako kwa furaha kwamba hakuna adui atakayeingia. Ilipofika zamu yake ya kucheza, hakuwa na kete hata moja ya kusogeza. Mbele yake palikuwa na mabomu na maziwa, na jeshi lake lote limebanana nyuma. Kanuni ya mchezo ni kwamba asiyeweza kusogea ameshindwa. Basi alishindwa kabla ya vita kuanza, wala hakuna aliyempiga.

Hapo ndipo tulipoanza kuwafunza kwamba kizuizi hakiwekwi ili kumfungia adui kila mlango. Huwekwa ili kumfungia milango miwili na kumwachia wa tatu, nawe uwe unamngojea pale. Mabomu mawili yakiziba njia ya kushoto, adui atapoteza kete zake kwa kujaribu, kisha atageuka aelekee katikati au kulia. Huko ndiko unakomweka meja wako na kanali wako. Bomu lenyewe halikuteka chochote, lakini limekuchagulia uwanja wa kupigania.

La pili tulilowafunza ni kwamba kizuizi kisicholindwa ni ucheleweshaji tu. Mtegua mabomu ni askari dhaifu, na karibu kila mwenye cheo humshinda. Lakini akilifikia bomu lililoachwa peke yake, huliondoa na kupita kama aliyekuta mlango umerudishwa bila kufungwa. Weka kapteni mmoja nyuma ya bomu hilo, na mambo hubadilika: mtegua akishaliondoa tu, amesimama pale, uso wake umekwisha kujulikana, na kapteni anamchukua. Adui anao wategua watano tu, na kila anayempoteza namna hiyo humfanya alitazame bomu linalofuata kwa hofu zaidi.

Jambo hili wanafunzi wetu wa madrasa hulielewa upesi, kwa kuwa wamesoma sira. Katika mwaka wa 5 Hijria, Salman al-Farisi, radhi za Allah ziwe juu yake, alishauri lichimbwe handaki kuulinda mji wa Madina. Halikuuzunguka mji wote. Lilichimbwa upande wa kaskazini uliokuwa wazi, kwani pande nyingine zilikuwa na mawe ya volkano, mitende na majumba yaliyosongamana. Wala halikuachwa peke yake: Waislamu walilisimamia mchana na usiku, katika baridi na njaa. Na Amr bin Abd Wudd alipopata mahali pembamba akarukisha farasi wake, alimkuta Ali bin Abi Talib upande wa pili. Lau pale pangekuwa hapana mtu, handaki lile lisingalikuwa na faida yoyote siku hiyo.

La tatu ni hila iliyo halali mchezoni. Bendera ikikaa pembeni mwa safu ya nyuma, mabomu mawili yanatosha kuifunika. Basi weka mengine mawili kwenye pembe ya pili kumfunika sajini asiye na thamani kubwa, na mawili yaliyobaki yapeleke njiani. Adui atakapoziona kete zisizosogea pembe zote mbili, itambidi awagawe wategua wake. Na mwenye subira huweza kumwacha hata kanali asisogee tangu mwanzo, akadhaniwa kuwa bomu mpaka dakika ya mwisho.

Mafunzo hayo tulikuwa tukiyatoa kwa raha zetu, mpaka mama mmoja, jirani yetu aliyehamia kutoka upande wa Lamu, alipotujia na swali. Nduguye alikuwa dereva, na aliuawa na bomu lililofukiwa katika njia za msitu wa Boni. Alituambia: "Sheikh, mwanangu amerudi nyumbani akinieleza mahali pazuri pa kutega bomu. Nimeshindwa kula."

Swali kama hilo halijibiwi kwa kusema kwamba ni mchezo tu. Tulimwambia kuwa yeye ameona kitu ambacho ubao hauonyeshi. Bomu la ubaoni humgusa askari wa adui peke yake, na mchezo ukimalizika hurejea sandukuni. Lile la ardhini halimjui askari, wala halijui kwamba vita vimekwisha. Huko El Alamein, nchini Misri, katika mwaka wa 1942, jeshi la Rommel lilitandaza takriban mabomu nusu milioni mbele ya Waingereza. Majeshi yote mawili yaliondoka, lakini masalia ya vita hivyo yaliendelea kuwaua na kuwakata viungo wachungaji wa Kibedui, watu ambao hawakuwa na ugomvi na yeyote kati yao. Msumbiji nayo ilingoja hadi mwaka 2015 kutangazwa kuwa imesafishwa, miaka zaidi ya ishirini baada ya vita vyake kumalizika. Ndiyo maana mataifa yalitia saini mkataba wa kupiga marufuku mabomu hayo mwaka 1997, nchi yetu ikiwa mwanachama, na mwaka 2004 yakakutana Nairobi kuutathmini.

Mama yule hakututaka tuuondoe mchezo. Alitutaka watoto wayajue haya. Basi tukaweka kanuni isiyomo katika karatasi ya mchezo: aliyetega mabomu ndiye atakayeyaokota, mwenyewe kwa mkono wake, huku akihesabu kwa sauti mbele ya mwenzake, ameshinda au ameshindwa. Hakuna anayeondoka jamvini kabla ya sita kutimia kila upande.

Juma lililopita hesabu ya upande mmoja ilisimama kwenye tano. Chai ilikuwa tayari na mahamri yanapoa, lakini hakuna aliyeinuka kwenda kula. Jamvi liliinuliwa, mito ikakung'utwa, viatu vya mlangoni vikapinduliwa kimoja kimoja, mpaka la sita likaonekana kwenye ufa wa sakafu, karibu na mahali anapotambaa mjukuu wetu mdogo.