Magomeni, Jumapili Asubuhi

Jumapili alfajiri, Barabara ya Morogoro pale Magomeni Mapipa huwa haina haraka. Basi la mwendokasi linapita katika njia yake ya katikati, taa zinawaka ndani, abiria wachache wameegemeza vichwa kwenye vioo. Waliotoka kuswali wanarudi majumbani polepole, kanzu wamezinyanyua kidogo zisiguse vumbi. Mitaani majiko yameshawashwa. Kuna harufu ya mkaa mbichi na ya vitumbua vinavyogeuzwa kwenye mafuta, na upepo ukibadilika unaleta harufu nyingine kutoka bondeni Jangwani, ya tope la Mto Msimbazi.

Mchakamchaka unausikia kabla hujauona. Mmoja anaimba, wengine wanaitikia, na nyayo zinapiga lami kwa pamoja mpaka vibanda vya bati vya kando ya barabara vinatetema. Kisha wanatokea kwenye kona, safu tatu tatu, watu kama sitini, fulana zao za njano zimeshalowa jasho mgongoni. Mbele anakimbia kijana mwenye filimbi na kibendera chekundu. Bodaboda zinasimama zenyewe, na dereva mmoja anapiga honi kufuata mdundo wa wimbo. Nyuma kabisa yupo mama wa makamo, mnene, amefunga kanga juu ya suruali ya mazoezi. Yeye hakimbii, anatembea kwa kukaza mwendo, na pembeni yake wapo wasichana wawili ambao kwa miguu yao wangeweza kuwa mbele kabisa. Wamepewa kazi ya kubaki naye.

Wanashika Barabara ya Kawawa mpaka Mkwajuni, Kinondoni, halafu wanageuza. Niliwasubiri kwenye kiwanja cha shule, ambako walirejea jua likiwa limeanza kugusa vilele vya miembe. Walinyoosha viungo kwenye duara kubwa, vijana wa miaka ishirini na wazee wa sitini, wengine wakishikana mabega ili wasianguke wanaposimama kwa mguu mmoja. Vumbi lilipanda hadi magotini. Kapteni wao, mwanamke mrefu anayeuza vitenge siku za kazi, alihesabu kwa sauti ya kumfikia mtu wa mtaa wa pili.

Baada ya hapo akatoa daftari.

Niliomba kuliona, akanipa bila kusita. Ni daftari la kawaida la shule, jalada limefunikwa kwa karatasi ya kalenda ya zamani. Kila ukurasa umepigwa mistari mitatu kwa rula. Mstari wa kwanza ni wa majina. Wa pili ni wa michango: fedha ya kila wiki, kidogo kidogo, inayokwenda kwenye mfuko wa kufa na kuzikana na kwa mwanachama aliyelazwa. Mstari wa tatu umeandikwa "hali". Humo mna maneno mafupi kwa wino wa rangi mbalimbali: amesafiri, mguu, amejifungua, presha, msiba Tanga, hajulikani. Palipoandikwa "hajulikani" pana majina mawili pembeni, ya watu watakaokwenda kubisha hodi kabla ya jioni.

"Hatuendi kumdai," kapteni aliniambia. "Tunakwenda kumwona. Mtu anaweza kuugua wiki nzima na jirani asijue, kaka yangu. Zamani haikuwa hivyo hapa."

Kuelewa hiyo "zamani" anayoisema, ni lazima uingie mitaa ya ndani. Magomeni ilipanuliwa katika miaka ya 1950 kwa viwanja vilivyopimwa, na juu ya viwanja hivyo watu wakajenga nyumba ya Kiswahili ambayo kila mkazi wa Dar es Salaam anaijua: vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, korido katikati, uani nyuma, baraza mbele. Niliingia katika mojawapo, mtaa wa tatu kutoka barabara kuu. Nikinyoosha mikono yangu miwili naweza kugusa kuta zote za korido. Sakafu ya saruji imesuguliwa kwa miaka mingi mpaka inang'aa kama sahani. Milango sita imefungwa mapazia sita tofauti, na kila aliyetoka chumbani kwake kwenda bafuni alipita mbele ya mapazia ya wenzake, akatoa salamu, akaitikiwa. Uani palikuwa na wanawake watatu: mmoja anachambua mchele kwenye ungo, mmoja anafua, wa tatu anakuna nazi akiwa ameketi juu ya mbuzi huku anamsikiliza wa pili akilalamika kuhusu bega. Kabla hajamaliza kulalamika, bega lilikuwa linapakwa mafuta ya karafuu.

Sitaki kuisifia nyumba hiyo kupita kiasi. Choo ni kimoja kwa vyumba vyote sita. Wakati wa masika maji ya uani huingia ndani, na watoto huumwa matumbo. Mtu akigombana na mkewe usiku, nyumba nzima inajua sababu. Lakini katika nyumba hiyo haiwezekani mtu akaanguka chumbani asubuhi na watu wakaja kujua jioni. Korido haitaruhusu. Nadhani hii ndiyo afya ambayo hatuiandiki popote: kuonwa kila siku na mtu anayeijua sura yako ilivyo unapokuwa mzima.

Pale barazani wazee walikuwa wamekwisha kukaa. Muuza kahawa alipita na dele lake la shaba juu ya jiko la mkaa, anagonganisha vikombe mkononi, akasimama bila kuitwa. Kahawa ya hapo hainywewi na sukari. Utamu unatoka kwenye kashata unayoing'ata pembeni. Nilitoa shikamoo, nikapata marahaba nne kwa mpigo, na nafasi ikasogezwa. Mazungumzo yalianza na mpira, yakapita bei ya mchele, yakafika kwenye miili. Mzee mmoja, fundi cherehani aliyeacha kazi kwa sababu ya macho, aliulizwa kama amemeza dawa ya presha. Akasema atameza baadaye. Mwenzake hakumjibu. Alinyoosha mkono tu, akauacha wazi mbele yake, mpaka yule mzee akatoa kidonge kwenye mfuko wa shati na kukimeza kwa maji ya muuza kahawa. Kisha bao likaletwa, kete zikaanza kulia kwenye mashimo, na hakuna aliyelitaja tena jambo hilo.

Ukuta kwa ukuta na baraza hilo pamezungushwa mabati. Nyuma yake kuna ghorofa linalopanda. Siku hiyo lilikuwa limefikia sakafu ya nne; nondo zimechomoza juu, miti ya mirunda imeshikilia zege bichi, na saruji iliyomwagika imekauka mabonge mabonge kwenye mfereji. Kabla ya hapo palikuwa na nyumba ya vyumba sita. Mwenye nyumba alifariki, warithi wakawa wengi, na nyumba moja haigawanyiki kwa watoto wanane. Wengine huuza na kugawana fedha. Wengine huingia ubia na mwenye mtaji, yeye anajenga, wao wanapewa sehemu ya vyumba. Mara nyingi wazee wanaishia kwenda kuanza upya mbali, Chanika au Bunju, ambako kuna nafasi ya kulima mchicha lakini hakuna anayewajua barazani.

Shinikizo lenyewe linaeleweka. Sensa ya 2012 ilikuta watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya 2022 ikakuta 5,383,728. Watu milioni moja wameongezeka kwa miaka kumi, na Magomeni iko karibu na katikati ya jiji, kwenye makutano ya njia za mwendokasi za Kimara na Morocco. Kiwanja cha hapa hakiwezi kubaki na nyumba ya chini milele.

Lakini mabadiliko yanaingia kwa vitu vidogo. Wanawake wa uani walinionyesha kamba yao ya nguo: tangu ghorofa lifike sakafu ya tatu, kivuli kinalala uani hadi saa saba mchana, na nguo za watoto hazikauki mapema. Chini ya ghorofa jipya hapatakuwa na baraza. Patakuwa na fremu za maduka, milango ya chuma mpaka ukingoni mwa barabara.

Nyuma ya mtaa huo huo, kwenye kiwanja kilichobomolewa na bado hakijaanza kujengwa, vijana wamefanya jimu yao. Hakuna paa, kuna mwembe. Vyuma vyao ni bomba la maji lililotiwa saruji kwenye ndoo za rangi, ndoo moja kila upande. Bomba jingine limevikwa gia za lori zilizookotwa gereji. Kitanda cha kunyanyulia ni mbao mbili zilizofunikwa mpira wa tairi, umechakaa mahali mgongo unapokaa. Nilijaribu kuinua mzigo mmoja wa saruji kutoka ardhini. Ulipanda mpaka magotini, ukakataa kuendelea. Kijana aliyekuwa anafundisha aliukamata kutoka mikononi mwangu, akaurudisha chini bila sauti, halafu akanionyesha jinsi ya kukaza tumbo na kunyoosha mgongo kabla ya kuinua. Alikuwa mpole katika kufundisha kuliko walimu wengi wa madarasani. Wenzake wanane walisubiri zamu, wakihesabiana kwa sauti, na aliyebaki nyuma alitajiwa jina lake mpaka akamaliza. Wanajua wataondoka hapo mchanga na kokoto zikimwagwa. Wameshakiangalia kiwanja kingine, upande wa Makuti.

Saa nne jua lilikuwa limekolea. Kapteni wa mchakamchaka alikuwa amebadilisha nguo, amevaa dera na ushungi, ana chupa ya chai mkononi na hotipoti ndani ya mfuko. Alisema anapita Kota, kama nataka nimfuate.

Magomeni Kota palikuwa na nyumba ndogo za chini za zamani. Zilivunjwa, na familia zilizokuwamo zikatawanyika mjini zikisubiri kwa miaka. Sasa yamesimama maghorofa marefu yenye nyumba 644, yaliyofunguliwa mwaka 2022, na wengi wa waliohamishwa walirudi kuishi humo. Ukitoka kwenye vichochoro vya Magomeni ukaingia hapo, kinachokushtua kwanza ni upana. Njia zimetandazwa matofali, maegesho yana mistari, na anga linaonekana kwa vipande vikubwa kati ya jengo na jengo. Watoto walikuwa wanacheza rede kivulini mwa ghorofa. Mpira wa soksi uligonga ukuta na mwangwi wake ukapanda hadi juu. Kanga zimeanikwa kwenye vibaraza, ghorofa juu ya ghorofa. Kila nyumba ina choo chake ndani. Mama mmoja tuliyekutana naye chini aliniambia kuwa kitu alichokipenda zaidi kilikuwa kufungua bomba jikoni kwake usiku bila kuvaa viatu, na alivyolisema hilo, niliona ni haki yake kulipenda.

Chini ya ngazi, mahali ambapo mchoraji ramani hakupanga kitu, wazee wameweka viti vya plastiki na meza moja ya bao. Muuza kahawa amepajua. Kina mama wa ghorofa mbalimbali wana kikoba chao, wanakutana Jumamosi jioni kwenye kipande cha saruji karibu na maegesho, kila mmoja na mkeka wake. Watu hawa walikuwa majirani kabla ya kuvunjiwa, na wanajitahidi kuwa majirani tena, safari hii kwa kupandiana ngazi.

Tulikuwa tunakwenda ghorofa ya tano. Huko anaishi bibi wa miaka themanini na kitu, mwanawe anafanya kazi ya ulinzi na siku za zamu harudi mpaka asubuhi. Magoti ya bibi yamekataa. Tangu mwezi wa Ramadhani hajashuka. Jina lake limo kwenye lile daftari la kapteni, ingawa hajawahi kukimbia hata hatua moja na klabu. Mjukuu wake alikuwa mwanachama kabla hajaolewa Mwanza, na alipoondoka aliomba jina la bibi libaki mahali pa lake. Kwenye mstari wa "hali" wameandika siku saba za wiki, na mbele ya kila siku jina la mtu.

Kapteni alipanda kwa mwendo ule ule aliokuwa nao barabarani, chupa ya chai kwapani. Mimi nilipumzika ghorofa ya tatu. Alipofika alibisha kwa viganja viwili, akaita hodi kwa sauti kubwa kwa sababu bibi hasikii vizuri. Ndani kulisikika kiti kikisukumwa, na sauti ya bibi ikamuuliza kwa ukali mbona leo amechelewa, na huyo anayehema huko ngazini ni nani.

"Mgeni wako, bibi," kapteni alijibu, akaanza kuvua viatu. "Shikamoo. Nimekuletea uji na maharage, na kabla hujala nataka nikuone ukisimama mara tano, kama jana."