Mji usio na gati

Sisi wa Tanga mgeni akitaka kuona mambo ya kale tunampeleka kwanza pwani. Majengo yetu makuukuu yanatazama maji, maana walioyajenga walitaka meli ziyaone. Hata vita vyetu vilitoka baharini: Novemba 1914 Waingereza walishusha askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, wakapambana na kikosi cha Kijerumani cha Lettow-Vorbeck kisichowafikia hata robo. Nyuki nao wakachokozeka, na Waingereza wakarudi melini mbio. Mtoto wa Tanga asiyejua mwaka anajua nyuki.

Basi nilipofika Arusha nikiwa na siku mbili tu, nikauliza kwa mazoea ya kwetu: mambo ya kale yako upande gani? Kijana wa mapokezi pale gesti akanijibu kwa swali, "Mama, Ngorongoro umeshalipia?"

Arusha na Tanga ni ndugu wa reli. Njia ilianza kujengwa kwetu 1893, ikafika huku 1929. Lakini undugu huo huuoni kwa macho. Mnara wa saa wanao, kama tulivyo nao sisi, ila wa kwao umesimama katikati ya kipilefti, na wenyeji watakuambia hapo ndipo nusu ya safari kutoka Cairo hadi Cape Town. Dakika tano zinatosha. Wauza vinyago ndio watakaozifanya ziwe ishirini.

Nikapanda kifodi, nikamwambia konda anishushe makumbusho. Akanishusha Boma la Wajerumani, ambako siko nilikokusudia, nikaingia hivyo hivyo. Leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Boma la kwetu lilikaa karibu na bandari, karibu na mizigo na ushuru. Hili la 1900 liliwekwa kwa ajili ya watu wa mlimani. Oktoba 1896 wamisionari wawili, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri, mteremkoni mwa Mlima Meru. Zikafuata safari za kulipiza kisasi, kisha Waarusha na Wameru wakalazimishwa kujenga kwa mikono yao boma la kuwatawala wao wenyewe. Kuta zake nene, nyeupe, hazina urembo wowote wa kumpendeza baharia.

Kaloleni, kwenye Makumbusho ya Azimio la Arusha nilikokuwa nikienda tangu mwanzo, nilifika saa nane. Kwa nje ungedhani ni ukumbi wa sherehe za mtaa. Humo ndimo Halmashauri Kuu ya TANU ilimokaa Januari 1967, na tarehe 5 Februari Azimio la Arusha likatangazwa. Kuna picha nyingi za Mwalimu Nyerere, lakini mimi yaliyonikalisha ni masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha, asipokee mishahara miwili. Nikayarudia maneno hayo mara mbili, kisha nikatoka kwenye mji ambao kila ukuta una tangazo la dalali. Masharti hayo yalilegezwa 1991, kwenye kikao cha CCM kilichofanyika Zanzibar. Azimio lilizaliwa bara, likazikwa bandarini. Sikuwahi kuliwaza hivyo nilipokuwa nikitalii Mji Mkongwe.

Jengo la Kituo cha Kimataifa cha Mikutano, AICC, ni refu, la zege, na kwa sura halinivutii hata kidogo. Lakini mahakama ya Umoja wa Mataifa ya Rwanda ilifanya kazi humo, na ni humo ambamo, tarehe 2 Septemba 1998, Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, alitiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari. Hakuna mahakama ya kimataifa iliyowahi kutoa hukumu ya namna hiyo kabla yake. Nilisimama nje nikitazama watu wakiingia na mabegi ya semina. Kwetu historia unaishika kwa kiganja, unagusa jiwe la matumbawe. Hapa ilitamkwa ndani ya vyumba, ikabaki karatasi.

Siku ya pili nilipita Tengeru, kwenye makaburi ya wakimbizi wa Kipolandi waliohifadhiwa hapo tangu 1942, nikaendelea hadi Usa River na kupanda kuelekea Engare Nanyuki. Meru, mita 4,566, ulijifunika wingu siku nzima. Huko Engare Nanyuki, Novemba 1951, serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru wapatao 3,000 ili kuwapisha walowezi. Mwaka uliofuata mwakilishi wao, Kirilo Japhet, akaenda New York kuishtaki serikali hiyo kwenye Umoja wa Mataifa, miaka mitatu kabla ya Nyerere kufika huko. Barabarani magari ya watalii yalitupita moja baada ya jingine, yote yakiwahi twiga.

Kwetu husemwa Tanga waja leo waondoka leo. Arusha hata hiyo leo haikamiliki. Ukibahatika kubaki na asubuhi moja kabla ya mbuga, anzia Kaloleni, na konda mwambie "Azimio". Ukisema "makumbusho" utashuka Bomani.