Kuchagua Motokaa ya Jamaa

Msomaji, mtu anunuaye motokaa kwa ajili ya jamaa yake huona ananunua kitu kimoja, kumbe huchagua viwili. Cha kwanza ni bati, viti na magurudumu, navyo huonekana kwa macho. Cha pili ni chakula cha motokaa hiyo: dizeli, petroli au umeme. Hicho hakionekani, na aghalabu hakifikiriwi mpaka fedha zimekwisha kutolewa. Rangi hujadiliwa siku tatu. Chakula huamuliwa kwa neno moja la rafiki. Nataka kukueleza jinsi shauri hili lilivyoamuliwa nyumbani kwetu, kwa kuwa haitapita miaka mingi nawe utatakiwa rai yako, na kwa kuwa hesabu zake ni zile zile ufundishwazo darasani.

Sisi tu watu watano: mimi, mke wangu na watoto watatu. Makao yetu ni Likoni, ng'ambo ya kusini ya kivuko cha Mombasa, na shule na kazi zetu ziko kisiwani. Mama yangu mzazi anakaa Wundanyi, juu ya milima ya Taita, mwendo wa kilomita zipatazo 200 kutoka kwetu. Ana maradhi ya shinikizo la damu, na kwa ajili yake simu yangu hailali. Kitinda mimba wetu, mvulana wa miaka saba, ana pumu. Yaweke moyoni mambo hayo mawili, damu ya mama na pumzi ya mtoto, maana shauri letu zima lilizunguka juu yake. Motokaa tuliyoitaka ilikuwa ya viti vitano, yenye nafasi ya magunia nyuma, na iliyoinuka juu ya ardhi kiasi cha kutoogopa mashimo wala matope ya njia ya kwa mama.

Dizeli ilikuwa na wakili hodari, naye ni shemeji yangu, aendeshaye lori kutoka bandarini mpaka Malaba. Kwake yeye motokaa isiyonywa dizeli ni kitu cha kuchezea. Usimcheke, maana ana hoja. Injini ya dizeli haina plagi za kuwashia moto. Hewa huingia ndani ya silinda, pistoni huikandamiza mpaka ikabaki kama sehemu moja katika kumi na sita ya ukubwa wake, na kwa kukandamizwa hivyo hupata joto la kupita nyuzi 500. Ndipo mafuta hunyunyizwa, nayo huwaka yenyewe. Aliyewaza hayo alikuwa Mjerumani, Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilionyesha uwezo wake Augsburg mwaka 1897. Mwaka 1913 alipanda meli kwenda Uingereza, akatoweka usiku baharini. Mtu akapotea, jina lake likabaki katika kila kituo cha mafuta duniani. Faida ya mkandamizo ule ni kubwa. Injini njema ya dizeli huweza kugeuza kuwa mwendo karibu sehemu mbili katika tano za joto la mafuta yake, ilhali ya petroli mara nyingi hugeuza robo au kupita robo kidogo. Tena lita ya dizeli ina nguvu zaidi ya lita ya petroli. Kwa mtu apandaye na mzigo kutoka Mwatate hadi Wundanyi, njia ikijipinda kama nyoka aliyekanyagwa mkia, hiyo si faida ndogo.

Lakini je, sisi hupanda Wundanyi mara ngapi? Hapo binti yetu mkubwa, aliye kidato cha tatu, alileta daftari akaandika safari zetu zote za mwaka. Kwa mama huenda mara nne. Kwenda na kurudi mara nne ni kilomita 1,600. Safari za kila siku, za shule, kazi na soko, ni kilomita 24 kwa siku, na kwa siku 300 ni kilomita 7,200. Jumla 8,800. Safari ya mlimani, iliyokuwa ikijaza midomo yetu kila tulipozungumza juu ya motokaa, haikufika hata sehemu moja katika tano. Watu wengi hununua motokaa kwa ajili ya siku nane za mwaka, wakaishi nayo siku nyingine zote. Nadhani hili ndilo jambo la kwanza la kuuliza kabla hujauliza bei.

Na hizo siku nyingine zote kwetu ni foleni ya kivuko. Anayekaa Likoni anaijua. Motokaa husogea urefu wake, ikasimama; ikasogea, ikasimama; barabara ya Dongo Kundu ipo, lakini kwa aendaye mjini kutoka kwetu ni kuzunguka mbali. Katika mwendo wa namna hiyo dizeli ya siku hizi huugua. Ndani ya bomba lake la moshi mna chujio la kunasa masizi, na chujio hilo hujisafisha kwa kuyachoma masizi kwa joto kali, joto ambalo hupatikana katika safari ndefu ya mbio. Safari fupi fupi huliziba. Wako mafundi waliotoa chujio kabisa wakaliacha bomba wazi, na motokaa ikaendelea kwenda vizuri. Masizi yakahamia katika vifua vya watu. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu ambavyo hapana shaka tena kuwa huleta saratani kwa wanadamu. Ni kweli kuwa tangu mwaka 2015 dizeli iuzwayo Kenya na nchi jirani imepunguzwa kiberiti hadi sehemu 50 katika milioni, na moshi wake si ule wa zamani. Walakini mimi nimeketi katika foleni ile nikimsikia mwanangu akivuta pumzi kwa mluzi, mbele yetu lori linanguruma, na sikutaka kuwa mimi mwenye lori hilo kwa mtoto wa mtu mwingine aliye nyuma yangu. Shemeji alinyamaza nilipomwambia hivyo. Yeye ana watoto wanne.

Juu ya petroli sina mengi. Ndiyo aliyoitumia Karl Benz katika motokaa yake ya mwaka 1886, na tangu hapo imekuwa kama ugali: kila mtu anajua kuupika. Jirani yetu, fundi wa magari, aliisifu kwa sababu hiyo. Kila kituo kinayo, kila fundi anaijua, na bei ya kununua motokaa yake ni nafuu kuliko zile mbili nyingine. Masizi yake ni machache kuliko ya dizeli. Ubaya wake ni ulafi. Tulihesabu lita 10 kwa kila kilomita 100, yaani karibu lita mbili na nusu kila siku, na katika foleni hunywa hata ikiwa haiendi popote.

Tukabaki na umeme. Binti yetu alikuwa wakili wake, na kwa kuwa alikuwa na daftari mkononi ilikuwa vigumu kumshinda. Alianza kwa kutukatisha tamaa, jambo ambalo mawakili wengine hawakulifanya. Lita moja ya petroli, alisema, ina nguvu kama ya uniti tisa za umeme, hizi hizi tununuazo kwa tokeni. Betri ya motokaa tuliyokuwa tukiitazama hubeba uniti 60 na uzito wake ni mamia ya kilo. Kwa hiyo dude lote hilo lina nguvu pungufu ya lita saba za petroli, ambazo mtoto hubeba kwa mkono mmoja. Ajabu ni kuwa lita saba hizo hukupeleka mbali mara nne hivi ya petroli. Sababu ni kwamba injini ya moto hupoteza sehemu kubwa ya chakula chake kwa joto, hali mota ya umeme hugeuza zaidi ya sehemu nne katika tano kuwa mwendo. Tena ikisimama, imesimama. Katika foleni haili kitu ila cha taa na kipoza hewa, wala haitoi moshi. Ikiteremka mlima, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu ya umeme katika betri. Kwa kilomita zetu 24 za kila siku tungehitaji kama uniti tano. Tazama bei ya uniti katika risiti ya tokeni ya kwenu, tazama bei ya petroli itangazwayo tarehe 14 ya kila mwezi, zidisha mwenyewe. Umeme ulikuwa chini ya nusu.

Nikamwuliza umeme huo watoka wapi, maana moshi ukihamishwa kutoka barabarani hadi mtamboni ni moshi ule ule. Jibu lake lilinifurahisha kama Mkenya. Sehemu kubwa sana ya umeme wetu hutoka katika mvuke wa ardhini huko Olkaria, ulioanza kutumiwa mwaka 1981, katika mabwawa ya mto Tana, na katika upepo wa Loiyangalani wenye mitambo 365. Petroli yote huja kwa meli. Jambo lililonitia uzito lilikuwa betri yenyewe. Betri nyingi hutaka kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, pande za Kolwezi, ambako watu husema Kiswahili kama sisi, na ambako watoto wameonekana wakichimba kwa mikono. Mapafu ya mwanangu hayawezi kuponywa kwa mgongo wa mtoto wa mwenzangu. Tulitafuta motokaa ambayo betri yake ni ya chuma na fosfeti, isiyo na kobalti, tukaipata. Bei yake ilizidi ya petroli ya umri ule ule kwa kiasi cha karo ya binti yetu ya miaka miwili, naye akalijua hilo.

Basi ikabaki damu ya mama. Kilomita 200 kwa uniti 20 kila kilomita 100 ni uniti 40. Kuinua tani mbili kutoka usawa wa bahari mpaka Wundanyi, mita 1,400 na zaidi, ni uniti nane nyingine. Jumla 48 katika 60. Betri ikiwa imejaa tutafika. Isipojaa tutakwama njiani, na vituo vya kuchaji ni vichache mno kuliko vya mafuta. Mke wangu alisema neno zito kuliko daftari: maradhi hayapigi hodi betri ikiwa imejaa. Tulikwenda kwa jirani yetu fundi, tukamweleza. Akakubali, bila kuandikiana, kuwa siku ya haja motokaa yake ya petroli ni yetu. Kwa mama tulitia waya mnene na tundu la umeme la peke yake, lenye kuweza kutoa uniti tatu kwa saa. Ndipo tukanunua.

Mwaka wa kwanza ulipita kwa amani, na mluzi katika kifua cha mtoto haukwisha, maana foleni ina wengine, lakini motokaa yetu haukuuzidisha. Mwaka wa pili, mwezi wa Aprili, simu ikalia saa tano kasorobo usiku. Umeme ulikuwa umekatika mtaani tangu jana yake, na betri ilikuwa na uniti 35. Sikuwasha motokaa. Nilivuka ua nikagonga kwa jirani, naye akafungua funguo zikiwa tayari mkononi, kwa kuwa alikuwa amesikia simu ikilia. Jogoo la kwanza lilipowika tulikuwa kando ya kitanda cha mama hospitali, naye alitutambua. Alilazwa siku sita. Binti yetu aliandika safari ile katika daftari lake pamoja na nyingine: lita 21 kwenda, lita 18 kurudi. Nilimjazia jirani lita 40, akanirudishia fedha ya lita moja.