Ukitaka ua la udongo lionekane hai, litie kasoro

Waambie watu kwamba jioni zako huzitumia kufinyanga maua, nao watakuuliza maswali mawili papo hapo: unayauza wapi, na kwa pesa ngapi? Mimi huongezewa la tatu, maanake ni mwanamume mwenye ndevu. Katika jiji hili la Nairobi, mtu mwenye uraibu usiomletea hata ndururu huonewa huruma na majirani. Hata hivyo nitakueleza jinsi kazi hii inavyofanywa, kisha uamue mwenyewe kama inastahili jioni zako.

Kwanza, udongo wenyewe si udongo hasa. Ule mfinyanzi wanaoutumia akina mama wa Nyanza na Magharibi ni mzuri kwa vyungu, lakini ukijaribu kuufanya mwembamba kama petali ya waridi utavunjika kabla ya kukauka, na isitoshe, sharti uchomwe. Wapenzi wa maua hutumia donge linalopikwa jikoni, ambalo watu wa Argentina na majirani zao huliita kauri baridi, kwa kuwa halihitaji tanuru.

Chukua kikombe kimoja cha wanga wa mahindi. Si unga wa ugali, bali ule mweupe laini wa visanduku ambao wapishi hutilia mchuzi ili uwe mzito. Tia na kikombe kimoja cha gundi nyeupe ya maseremala, vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya kupaka watoto, na viwili vya siki au maji ya limau ili donge lisiote kuvu. Koroga katika sufuria kuukuu, ambayo haitarudi kupikiwa chakula, juu ya moto mdogo mno, wala usiuache mwiko hata simu ikilia. Baada ya muda mfupi mchanganyiko utaanza kujikusanya na kubanduka kandoni mwa sufuria, kama ugali unaokaribia kuiva. Epua kabla haujawa mgumu, jipake losheni mikononi, ukande ungali na joto. Kisha ufunge kwa ile karatasi nyembamba ya plastiki ya kufunikia chakula, ulale hadi kesho yake.

Rangi ni ile ya mafuta wanayotumia wachoraji, tone dogo tu, likandwe ndani. Weka chache kuliko unavyodhani, kwa sababu donge hili hunywea likikauka na rangi yake hukolea. Waridi lililokuwa pinki hafifu leo, keshokutwa litakuwa la kupiga kelele. Aidha usipotia rangi nyeupe kidogo, ua litakauka na kufanana na nta ya mshumaa.

Anayeanza na aanze na franjipani, yale maua meupe yenye moyo wa manjano ambayo mti wake hutoa utomvu kama maziwa ukikatwa. Ana petali tano tu, kila moja ikiilalia mwenzake kuelekea upande mmoja, na ndani haonyeshi nyuzi zozote za kukusumbua. Ukiiweza petali moja umeziweza zote. Ukingo uifanye mwembamba kwa kuuviringishia gololi, na mishipa uipate kwa kulikandamiza donge juu ya jani halisi. Ukishazoea, panda hadi hibiskasi, ambaye katikati ana ule mnara mrefu uliojaa nyuzi, na kileleni vidoto vitano. Mwanafunzi aliyemchora katika somo la bayolojia atagundua kwamba kuchora na kufinyanga ni mambo mawili tofauti kabisa.

Waridi ndilo mtihani. Nenda pale City Market, barabara ya Muindi Mbingu, ununue waridi moja, wala usione haya kuomba la jana. Ukifika nyumbani litenganishe petali baada ya petali, uzipange juu ya gazeti kwa mpangilio ule ule zilivyotoka. Utashangaa. Zile za ndani ni ndogo, zimejikunja kama mtu anayesikia baridi. Za kati ni pana na zinafanana kiasi. Za nje kabisa mara nyingi zina michirizi ya kijani kibichi, au zimechubuka, ama zimepasuka ukingoni, na wauza maua huzing'oa ili mteja asizione. Hizo petali zinazong'olewa ndizo zitakazokufundisha. Wengi wetu hufinyanga ua la kwenye kadi ya salamu, lililo sawa pande zote, kisha tukashangaa kwa nini wageni wanajua kutoka mlangoni kwamba ni bandia. Rudisha petali moja iliyochubuka, na mgeni atainama alinuse.

Sikuanza mimi kulisema hilo. Kule Marekani, katika Chuo Kikuu cha Harvard, kuna maua ya kioo yaliyotengenezwa na baba na mwanawe, Leopold na Rudolf Blaschka, waliofanyia kazi karibu na Dresden, Ujerumani. Walianza kazi hiyo mwaka wa 1887, baba akafariki 1895, na mwana akaiendeleza peke yake hadi 1936. Vielelezo vyao vinapita 4,000. Na baada ya maua mazuri yote hayo, kati ya 1924 na 1932 Rudolf alikaa akitengeneza matunda yenye magonjwa na kuoza: pea, pichi, stroberi zilizoota kuvu. Fundi wa kiwango hicho, na kwa miaka minane anatafuta rangi ya kuoza!

Sasa turudi kwenye swali la pesa, maana najua bado unalo. Waridi moja lenye petali ishirini na tano hunila jioni tatu. Waridi bichi kutoka mashamba ya Naivasha hununuliwa kwa bei ya soda. Fanya hesabu. Lakini Januari moja alikuja bwana mmoja aliyetaka mawaridi sitini ya mezani kwa harusi ya bintiye, na mke wangu akaniita kando. "Baba watoto," akaniambia, "karo haijui uraibu." Nikakubali, na sijutii. Watoto walirudi shule siku ya kwanza wakiwa na kila kitu.

Ila nilijionea jambo. Mawaridi matano ya kwanza niliyafinyanga nikiwa na ua halisi mbele yangu. Kufikia la kumi nilikuwa nakata petali kwa kifuniko cha chupa. Kufikia la ishirini halisi lilikuwa limenyauka glasini na wala sikwenda kununua jingine. Mteja alifurahi, akalipa taslimu. Mama watoto aliyatazama yamepangwa katika masanduku, akasema ni mazuri, lakini hakuna hata moja analoweza kulitofautisha na jirani yake. Tangu hapo tumeafikiana: oda moja kwa mwaka, ya Januari, kwa sababu ya karo. Miezi iliyosalia meza ni yangu na ya yeyote nyumbani anayetaka kiti.

Anayekikalia zaidi ni binti yetu wa miaka kumi na miwili. Wiki hii tuko kwenye bogenvilia, wa ua la nyumba za jirani. Ile rangi yake ya kuvutia si petali hata kidogo, bali ni vijani vitatu, na ua lenyewe ni kale kamrija keupe kadogo kanachosimama juu ya kila kijani. Donge letu bado halijakubali kuwa jembamba kama karatasi ile. Binti alikwishatimiza sehemu yake: alichuma tawi lenye kijani kilicholiwa na mdudu, akanitaka nifinyange na tundu. Nimejaribu kwa sindano, akaliangalia na kulikataa. Ati limekuwa la duara mno, na mdudu hali kwa duara. Leo tunajaribu kwa kuuma kwa jino la kitana.