Skrubu za shingo

Jumatatu, 3 Machi 2025
Mgema aliyeanguka mnazini amelazwa. Pingili ya tano ya shingo imeteleza mbele juu ya ya sita. Vidole vina ganzi, ila miguu anaisogeza, na hiyo miguu ndiyo inayonikosesha usingizi. Alhamisi tunamfungua kwa nyuma: skrubu na fito, pingili ya nne hadi ya saba.

Baada ya futari nimezikalia picha za CT. Nalinganisha njia za wapasuaji wawili. Roy-Camille alitoboa katikati ya bonge la mfupa la pembeni, akaelekea mbele, akiinamia nje digrii 10 tu. Magerl huanzia ndani na juu kidogo ya hapo, akalalia nje digrii 20 hadi 25 huku akipanda sambamba na kiungo. Njia yake hupata mfupa mrefu zaidi na kuikwepa ateri ya pingili, lakini ncha ikipitiliza inaukaribia mzizi wa neva. Nachagua Magerl, na urefu nitaupima mwenyewe, pingili kwa pingili.

Jumatano, 5 Machi
Pingili ya saba ina sheria zake. Bonge lake ni jembamba, skrubu haishiki vizuri. Bahati ni kwamba ateri kwa kawaida huingia kwenye tundu la pingili ya sita, kwa hiyo huku chini tunaweza kupita kwenye shina lenyewe la pingili. Kwa kawaida, si kwa kila mtu: nimekagua kulia na kushoto.

Alhamisi, 6 Machi
Drili yenye kizuizi cha milimita 14, kijiti cha kupapasa kuta za tundu, kisha skrubu ya milimita 3.5. Zote zimeshika. Hapo wenzangu walitaka kufunga, nami nikakataa. Tulikuwa hatujakwangua viungo wala kupanga vipande vya mfupa, na kazi yenyewe ndiyo hiyo! Chuma kinashikilia tu. Kinachounga ni mfupa. Usipoota, skrubu italegea au fito itakatika, hata ungeitia kwa ustadi gani.

Jumamosi, 8 Machi
Mama wa mgema kaniuliza: “Daktari mwanangu, hayo machuma mtayatoa lini?” Nikamwambia, “Hayatolewi, mama. Tunangoja mfupa, miezi kadhaa.” Akataka kujua mfupa unaotaje. Tumeongea hadi muuguzi akaja na dawa.

Jumatatu CT. Nataka kuiona skrubu ya pingili ya saba, kushoto. Kwenye eksirei mabega yaliifunika.