Zege la Barbican

Ilikuwa baridi ya mwaka 1994, London. Shangazi alinielekeza kwa ufupi: "Ukishuka stesheni ya Barbican, mwanangu, usihangaike kuuliza watu. Fuata mstari wa njano chini." Mstari kweli ulikuwapo, umepakwa kwenye njia za juu zinazopita kati ya maghorofa, maana kituo cha sanaa cha Barbican hakina uso. Unakizunguka, unaona bwawa, unaona watu ng'ambo wanakunywa kahawa, na mlango huuoni.

Mimi ni mtoto wa fundi mwashi wa Tanga. Kwetu ukuta usiopigwa plasta maana yake fedha zimekata. Hapa zege limeachwa wazi makusudi, tena limechokolewa. Nilipitisha kiganja: kokoto zilikwaruza kama ngozi ya papa. Baadaye nikaja kusoma kwamba zege lilipokwisha kukauka, mafundi waliligonga kwa mkono, ukuta baada ya ukuta, mpaka kokoto zikatokeza. Wasanifu walikuwa Chamberlin, Powell na Bon. Mtaa wenyewe uliteketezwa na mabomu ya Wajerumani Desemba 1940, na kituo kikafunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1982. Wenyeji wengi walikiona kibaya. Mimi nilishindwa kulichukia jengo ambalo kazi ya fundi inaonekana hivyo.

Tiketi yangu ilikuwa ya bei ya chini. Miaka ile kundi la maigizo la Royal Shakespeare Company lilikuwa na makao yake ya London humo. Nami Shakespeare nilitambulishwa kwake na Mwalimu Nyerere, kwa tafsiri yake, Mabepari wa Venisi. Ukumbi hauna njia katikati ya viti, kila safu ina mlango wake pembeni. Taa zilipofifia, milango yote ikajifunga kwa pamoja, hakuna aliyeigusa. Mchezo wenyewe umenitoka karibu wote.

Jumapili moja shangazi alikubali tufuatane, si kwa ajili ya sanaa. Juu ya jukwaa kuna mnara wa kupandishia mandhari ya michezo, na wasanifu, hawakutaka usimame mtupu, waliuzungushia bustani ya vioo yenye mimea ya nchi za joto. Shangazi akavua koti, akavua na skafu, akakaa karibu na mti wa jamii ya mnazi na kuyakagua majani yake.

"Huu unataka samadi," akasema, akafungua chupa ya chai.