Barua kwa Mpwa Aliyenunua Gari la Mizigo

Kwa mpwa mpendwa aliyeko Bweranyange, Karagwe.

Ushuru wa bidhaa ni kodi inayotozwa kwenye bidhaa chache zilizotajwa na sheria, kama vile bia, pombe kali, sigara, soda na mafuta ya magari, ziwe zimetengenezwa nchini au zimetoka nje, na hapo ndipo unapotofautiana na ushuru wa forodha, ambao hutozwa kwa sababu bidhaa imevuka mpaka. Katoni ya pombe kali iliyovushwa Mto Kagera usiku kwa njia za panya huwa imekwepa ushuru wote huo kwa mpigo mmoja, na anayekutwa nayo barabarani mara nyingi si mwenye mali, bali aliyeibeba. Barua hii inaandikwa na mjomba kwa ajili ya hilo, kwa kuwa mpwa sasa ana Fuso ya kupeleka ndizi na maharage, na gari linaloshuka limejaa hurudi likitafuta mzigo wowote.

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika kifungu cha 200, inamtia hatiani mtu anayekutwa na mali isiyolipiwa ushuru ikiwa alijua, au alipaswa kujua, kwamba haijalipiwa. Adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 5, au faini ya asilimia 50 ya thamani ya mali hiyo, au vyote viwili. Mpwa ayasome mara mbili maneno "alipaswa kujua", kwa kuwa ndiyo yanayowaangusha wasafirishaji wengi wasio na nia mbaya. Mzigo ukipakiwa saa nne za usiku kando ya barabara ya Murongo, katoni zikafunikwa kwa mikungu ya ndizi kabla ya kuvutwa turubai, nauli ikatajwa mara mbili ya ile ya kawaida na mwenye mzigo akakataa kutaja jina au kupanda gari, hakuna mahakama itakayoona kwamba dereva hakuwa na sababu ya kushuku. Kutouliza hakumwokoi, kunaonyesha kwamba aliogopa jibu.

Kifungu cha 211 kinaligusa gari lenyewe, kwani chombo kilichotumika kubebea mali ya magendo kinaweza kutaifishwa, yaani kuchukuliwa na serikali moja kwa moja bila fidia. Gari likichukuliwa, mkopo uliolinunua haufutwi pamoja nalo. Hili ndilo linalomnyima mjomba usingizi.

Kinga iko kwenye kupakia. Tangu Januari 15, 2019 pombe na sigara zilianza kubandikwa stempu za kielektroniki za kodi, zinazoweza kukaguliwa kwa simu kupitia programu ya Hakiki Stempu, hivyo utingo anaweza kufungua katoni moja, akatoa chupa na kuikagua stempu yake kabla gari halijawashwa. Chupa isiyo na stempu ishushwe pamoja na katoni zote za mwenye nayo. Viroba vya pombe kali, vilivyopigwa marufuku nchini Tanzania tangu Machi 1, 2017, visipakiwe hata kwa risiti. Bidhaa nyingine ziende na risiti ya mashine ya kodi ya EFD au ankara, na zilizotoka Uganda ziende na hati ya forodha inayotaja aina na idadi ile ile iliyomo garini.

Wapo watakaomwambia mpwa kwamba karatasi hazina maana, kinachohitajika ni kitu kidogo kizuizini. Kitu kidogo hicho ndicho hongo, neno ambalo zamani lilikuwa na maana ya ushuru wa njia ambao misafara ililipa kwa watawala, na mpelelezi Mwingereza Speke, aliyepokewa na mtawala Rumanyika hapo hapo Bweranyange mwaka 1861, aliandika kwamba katika Karagwe hakudaiwa. Leo neno hilo lina maana ya rushwa tu, na rushwa haigeuzi mali ya magendo kuwa halali. Inaongeza kosa la pili, chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na kizuizi kinachofuata bado kipo mbele.

Gari likikamatwa, dereva asikimbie. Aombe hati ya ukamataji, wala asitie saini maelezo ya kukiri kosa ili mambo yamalizwe ofisini kabla hajayasoma, kwa kuwa amri ya Kamishna wa Forodha inayotolewa kwa makubaliano hayo haikatiwi rufaa. Mwenye gari naye anapaswa kulidai kwa maandishi ndani ya mwezi 1, unaohesabiwa tangu siku ya kukamatwa au ya kupewa taarifa, la sivyo linahesabiwa kuwa limekwisha kutaifishwa. Asikae nyumbani akingoja kuitwa. Nakala za kadi ya gari, mkataba wa mkopo na karatasi za kila safari zikae kwa mama yake mpwa, ili siku dereva atakapopiga simu kutoka kituoni zipatikane usiku huo huo.

Mjomba wake